Ukuta wa Mzee Eliufoo

Mzee Eliufoo alikutwa sebuleni kwake, chini ya tivii ya inchi sabini na tano ambayo mwanawe mkubwa alimletea kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya Krismasi. Kiti chake kilikuwa kimevunjika mguu mmoja. Fimbo bado ilikuwa mkononi. Familia ilikuwa inarudi kutoka ibada ya Jumapili, wengine bado wanaimba, na aliyetangulia kufungua mlango alikuwa Praygod, huyo huyo aliyeleta tivii. Wimbo uliishia hapo.

Inspekta Winfrida alipanda kutoka kituoni Bomang'ombe pamoja na Koplo Shakiru. Walipopita Kwa Sadala na kuanza kuukwea mlima, wakakuta magari ya mjini yameegeshwa kila penye migomba. Ndiyo Desemba ilivyo. Mchaga asiporudi nyumbani Krismasi, ujue anaumwa au amefungwa.

Uani kulijaa watu. Winfrida aliwaamkia wazee, akampa pole mjane, Mama Elisifa, aliyekuwa amekaa chini na nguo zake za kanisani, kisha akaingia ndani. Hakuanza na maiti. Alianza na ukuta.

Ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya maziwa, laini, unang'aa. Lakini pale tivii ilipokuwa palikuwa na matundu manne, na chini yake, juu ya zulia jipya, udongo mwekundu. Winfrida alizaliwa Kibosho, nyumba za namna hii anazijua. Baba anajenga kwa tofali mbichi akiwa kijana. Watoto wakipata kazi mjini wanarudi kupiga lipu ya saruji, rangi na dari, na nyumba inaonekana ya kisasa. Lipu yenyewe ni unene wa kidole. Nyuma yake ni udongo ule ule wa siku zote. Ukifunga kitu kizito humo kwa skrubu na plagi za plastiki, hujakifunga, umekiegesha.

"Nani aliyeifunga?" akauliza.

"Fundi wa Majengo, mjini," Praygod alijibu. "Anaitwa Alawi. Mdogo wangu Calvin ndiye aliyekwenda kumleta."

"Ulisimamia kazi?"

"Hapana. Nilifuata nyama."

"Fundi alibaki na nani?"

"Na mzee. Wawili tu, wanapiga stori."

Calvin, kitinda mimba wa nyumba ile, alikuwa amesimama mlangoni na mabuti yake ya zizini. Yeye hakuondoka mlimani kama kaka zake. Ndiye aliyebaki na wazazi, na ng'ombe, na kahawa. Alisema siku ya fundi alikuwa anakata majani. Na leo hakwenda ibadani kwa sababu ng'ombe mmoja alikaribia kuzaa. Alikuwa zizini, redio imefunguliwa kwa sauti, hakusikia kitu mpaka gari liliporudi.

"Mzee naye? Mbona hakwenda?"

Praygod akadakia kwamba mzee walikuwa naye garini, tayari na suti yake. Walipofika getini akaomba ashushwe, mguu unamsumbua, akarudi ndani mwenyewe taratibu na fimbo. Mama Elisifa, kule chini alikokaa, aliinamisha kichwa. Winfrida aliona, akadhani ni msiba.

Jioni ile ile Alawi alikamatwa Majengo, nyumbani kwake, mbele ya mkewe Rahma.

Alikuwa mtu mwembamba, mpole, kidole cha shahada kimepinda kwa kazi. Maelezo yake hayakuwa marefu. Alisema hakutumia plagi hata moja. Drili ilipotoa udongo mwekundu alisimama, akamwambia mzee ukuta huu haubebi. Mzee akacheka, akasema anaujua, tofali zile alizikanyaga kwa miguu yake. Basi Alawi akapitisha bolti ndefu kutoka upande huu mpaka upande wa pili, kwenye stoo, na huko nyuma akaweka ubao mnene wa mninga, akafunga nati juu yake. Hivyo ukuta mzima ndio uliobeba, si matundu manne.

"Nani alikuona?"

"Mzee. Ndiye aliyenishikia ubao."

"Mzee amekufa, Alawi."

"Najua, Afande."

Winfrida alimtuma Shakiru akaangalie stoo. Koplo alirudi mikono mitupu. Stoo ilikuwa na majani ya ng'ombe na mikungu ya ndizi iliyowekwa iive kwa ajili ya pombe ya mbege. Ukuta wa huko haukuwa na lipu, ni udongo mtupu. Hakuona ubao, hakuona nati, hakuona tundu. Kwa hiyo fundi ni mwongo, na uongo wake umeua mtu. Mlima mzima ulilipokea hilo kwa siku moja. Wote waliofungiwa tivii na Alawi Desemba ile wakaanza kuzishusha.

Mzee akazikwa kihambani kwake, kwenye shamba la ukoo, pembeni ya kahawa. Baada ya maziko Mama Elisifa aliteremka kituoni akaomba amwone huyo fundi. Alimwambia hatamsamehe duniani wala mbinguni. Alawi alipokea maneno yale ameinamisha uso, kama mwenye hatia kweli.

Vitu viwili vilimkera Winfrida. Cha kwanza kilikuwa ripoti ya daktari: fuvu lilipasuka, ila mzee hakufa papo hapo. Alipumua kwa muda, peke yake, chini ya lile dude. Winfrida aliisoma mara mbili, akakosa hamu ya chai. Cha pili kilikuwa bolti. Zilikuwa bado kwenye breketi ya tivii, ndefu mno kwa mtu aliyetaka kulipua kazi, na meno yake yalikuwa mazima. Nati ikichomolewa kwa nguvu ya uzito, huacha meno yamekwaruzika. Hizi zilikuwa kama mpya.

Mkuu wake hakutaka kusikia. Bolti ndefu iliyochomekwa kwenye udongo bado ni bolti iliyochomekwa kwenye udongo, alisema. Kuua bila kukusudia. Mpelekeni mahakamani.

Na Alawi mwenyewe akaanza kumponyoka Winfrida. Mwanzo aliapa kwa Mungu kwamba nati alikaza. Baadaye akawa anasema anadhani alikaza. Desemba ile alikuwa amefunga tivii nyumba hadi nyumba, Machame, Kibosho, Marangu, kila mwenye mtoto mjini kaletewa. Labda ule ubao ulikuwa nyumba nyingine. Labda hapa alichoka. Usiku halali, anazihesabu nyumba zile moja moja, na kila akihesabu zinachanganyika zaidi. Asubuhi moja Winfrida alimkuta ameketi anaitazama mikono yake.

"Afande, andika kwamba nilikosea."

"Ulikosea?"

"Sijui. Andika tu. Mzee alinipa chai kwa mkono wake, akaniita mwanangu. Kama nimemuua, bora nijue kwamba nimemuua."

Winfrida hakuandika. Lakini hakuwa na cha kumpa badala yake, na hilo lilimuuma. Jalada lilikuwa linaondoka kesho yake. Akishasema vile mbele ya hakimu, nani atamtoa?

Siku hiyo hiyo Rahma aliingia kituoni. Chakula cha mumewe mkono huu, mkono ule mfuko wa plastiki ameushika mbali na mwili. Alifungua mfuko mezani kwa Inspekta, akarudi nyuma.

Ndani kulikuwa na jani moja refu, la kijani, bichi, limefungwa fundo katikati.

Rahma alisema amelikuta kizingitini asubuhi, alipofungua mlango. Majirani wamemwambia asiliguse, ni kitu cha watu wa mlimani, familia ya marehemu inataka kuwamaliza. Mume yuko ndani, sasa na yeye na watoto wanarogwa. Afadhali hicho polisi wakichome wenyewe. Rahma alizaliwa Ujiji, Moshi aliletwa na ndoa tu. Mtu hawezi kumlaumu.

Winfrida alilitazama lile jani mpaka Shakiru akauliza kama yuko sawa.

"Dada, keti," akamwambia Rahma. "Huu si uchawi. Hili ni jani la sale. Kwetu, mtu akikukosea sana, mpaka hana mdomo wa kukuambia, anakuletea hili limefungwa fundo. Anakuomba msamaha."

Rahma alikaa. Akafikiri, akauliza swali ambalo Winfrida alikuwa ameshajiuliza.

"Mimi nimekosewa na nani? Sisi si ndio tumewaulia mtu?"

Ndiyo hapo. Familia iliyofiwa haipeleki sale kwa mke wa aliyewaulia. Ingekuwa kinyume chake. Anayepeleka ni mtu anayejua kwamba Alawi hana kosa, naye mwenyewe analo. Ni mtu wa mlimani, kwa sababu alidhani kila mtu analielewa jani lile. Hakuwaza kwamba mwanamke wa Ujiji ataliona ulozi na kulipeleka polisi. Na ni mtu anayejua nyumba ya Alawi ilipo, humo Majengo kwenye vichochoro na vyumba vya kupanga. Praygod hakuwahi kufika. Mama Elisifa hakuwahi kufika. Aliyekwenda kumleta fundi ni mmoja.

Walipanda tena mchana ule. Magari ya mjini yalikuwa yameshaondoka, migomba imebaki na wenyewe. Winfrida alimwamkia Mama Elisifa, akaomba ruhusa ya kuangalia sebule. Alichukua waya mgumu, akauingiza kwenye tundu moja la ukutani, akasukuma. Shakiru alikuwa stoo, amekwisha kuondoa majani yaliyoegemezwa.

"Umetokea, Afande," akasema kutoka upande wa pili. Sauti yake ilikuwa na aibu. Tundu lilikuwepo muda wote. Mtu alikuwa ameliziba kwa udongo na samadi, na kwenye ukuta wa udongo kiraka cha udongo hakionekani.

Ubao ndio uliokuwa umebaki. Winfrida alijua hautakuwa mbali. Mkulima hatupi mninga, hata kama unamnyonga. Alikwenda moja kwa moja zizini.

Calvin alikuwa anakamua. Ng'ombe alikuwa ameshazaa, ndama amefungwa pembeni. Hori la kulishia lilikuwa la mbao kuukuu, zilizoliwa na mate na mvua, isipokuwa ubao mmoja wa upande wa mbele. Huo ulikuwa mpya, mwekundu, na ulikuwa na matundu manne.

Winfrida alichutama, akapitisha kidole. Kuzunguka kila tundu mbao ilikuwa imebonyea, duara safi, pale nati na washa yake, kile kibati cha duara, ilipokandamizwa. Haibonyei hivyo kwa kulegea. Aliyezikaza alizikaza kwa nguvu zake zote.

"Calvin, acha kwanza hiyo kazi."

"Namalizia, Afande."

"Nati ziko wapi?"

Calvin aliendelea kukamua mara mbili, tatu, halafu mikono ikagoma. Alionyesha kwa kidevu kopo la misumari juu ya nguzo. Shakiru alilishusha. Zilikuwamo, na washa zake.

"Nani alizifungua?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jumapili. Gari lilipotoka tu."

"Kwa nini?"

Calvin aliisogeza ndoo karibu. Ng'ombe aligeuka kumtazama. Alipoanza, alizungumza akiwa bado ameketi kwenye kigoda chake, uso ameuelekeza kwenye ndoo.

"Mimi ndiye ninayemvalisha viatu, Afande. Mwaka mzima. Namkata kucha, namwogesha, usiku akikohoa naamka. Sijawahi kusikia ahsante, na sikuidai, ni baba yangu. Desemba Praygod anashuka na boksi. Mzee akalia. Alilia kabisa, akawaita majirani, akasema, njooni mwone, mwanangu amenikumbuka. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, na ndoo ya maziwa."

"Ukaamua kumuua?"

"Hapana." Alilisema neno hilo taratibu, kama mtu aliyelirudia peke yake mara nyingi. "Nilitaka livunjike lile dude. Basi. Nyumba hii kwa mila ni yangu mimi wa mwisho, na hakuna aliyeniuliza kama ukuta utobolewe. Nikasema wakirudi kanisani walikute chini, Praygod aaibike, aonekane kaleta kitu na fundi wa ovyo. Gari likatoka na watu wote. Nikaingia stoo, nikafungua nati, nikazisukuma bolti kwa mpini wa nyundo. Nikasikia kishindo."

"Ukaenda kutazama?"

"Nilitaka wakute niko zizini."

"Calvin. Uliposikia kishindo, ulifanya nini?"

"Nilifurahi," Calvin akasema. "Nilifurahi, Afande. Nikaja hapa nikawasha redio, nikakamua mpaka ndoo ikajaa."

Jamani. Shakiru aligeuka akatazama migomba. Winfrida ameshasikia watu wengi wakikiri, wengine wanalia, wengine wanajitetea kwa maneno mazuri, lakini hakuwahi kusikia mtu akijishitaki kwa kufurahi.

Wala hakuwa amemsikia Mama Elisifa akifika. Alikuwa amesimama nyuma yao, ameshika nguzo ya zizi kwa mikono miwili, na ilikuwa dhahiri kwamba amesikia yote.

"Tulikuambia ni mguu," mama akamwambia mwanawe. "Haukuwa mguu."

Calvin alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Tulipofika getini akasema nishusheni. Akasema, sisi wote tunakwenda na Calvin anabaki peke yake kama mtumishi. Akasema, atakunywa chai na nani. Ndiyo maana alirudi. Sikukuambia kwa sababu nilijua utajiona wewe ndiye uliyemwitia kifo."

Sauti iliyomtoka Calvin haikuwa kilio. Alianguka kutoka kwenye kigoda, magoti kwenye samadi, maziwa yakamwagika yakamfikia mapajani. Mama yake hakumshika. Hakumpiga pia. Alibaki ameng'ang'ania nguzo.

Baadaye, wakiwa garini, pingu mkononi, Calvin aliuliza jambo moja tu. Aliuliza kama baba yake alikufa pale pale.

Ripoti ilikuwa kwenye mkoba wa Winfrida, miguuni kwake.

"Pale pale," akasema.

Mahakamani angesikia vingine. Lakini hiyo ilikuwa siku nyingine, na kutoka pale hadi Bomang'ombe ni mbali kwa mtu wa namna ile.

Asubuhi iliyofuata Alawi aliletwa mapokezi, Rahma akimsubiri kwenye benchi. Winfrida alimweleza yote mwenyewe, amesimama, bila kuficha kwamba polisi walitazama ule ukuta wa stoo vibaya tangu siku ya kwanza. Akamwomba radhi. Alawi hakushangilia. Aliuliza kuhusu ubao, kama kweli ulibonyea. Winfrida akamwambia umebonyea mno, hata kidole kinazama.

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya askari wa zamu na watu waliokuja kuandikisha simu zilizoibwa.

"Nilishakubali, Rahma," akamwambia mkewe. "Nimeomba toba kwa mtu ambaye sikumuua. Kila sala. Nimeshamzoea kuwa nimemuua."

Rahma alimfuta uso kwa mtandio wake, akamwambia twende nyumbani. Wakaelekea mlangoni. Mlangoni wakakutana na Mama Elisifa anaingia, kapu mkononi, hotipoti juu, chupa ya chai ubavuni. Alikuwa ameteremka mlima peke yake. Hapakuwa tena na mtu wa kumsindikiza.

Alimwona Alawi akasimama. Yale aliyomwambia baada ya maziko yalikuwa bado hewani kati yao, na wote wawili waliyajua.

"Shikamoo, mama," Alawi akasema.

Mama Elisifa alifungua kinywa. Marahaba haikutoka. Alijaribu tena, midomo ikacheza bila sauti, kapu likimvuta upande mmoja.

Rahma alimtazama mwanamke yule kwa muda. Alilipokea kapu mkononi mwake, akarudi nalo ndani mpaka kaunta, akaliweka mbele ya askari wa zamu.

"Ni chakula cha Calvin," akasema. "Mama yake huyu hapa."